Igeuze Picha, Tazama Nyuma

(Mazungumzo niliyotoa Tanga mbele ya vijana wapiga picha na wazee wa mtaa. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, ila pale nilipojirudia nimepunguza.)

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, kina mama wenzangu, na nyinyi wanangu mliojibanza kule nyuma karibu na soketi za umeme, assalaam alaykum. Na wengine hamjambo?

Nimepewa dakika arobaini. Mwenyekiti ananijua tangu utoto, ndiyo maana kaivua saa mkononi akaiweka mezani.

Kabla sijasema lolote, kila mwenye simu aitoe. Fungua picha zako, shuka chini mpaka zile za mwaka juzi, uchague moja yenye mtu asiye wa nyumbani kwako. Haya, mwambie aliyekaa pembeni yako: huyu nani, hapo ni wapi, siku gani. Bila kudanganya.

Nasikia vicheko. Nasikia na “huyu… huyu si yule…”. Basi kigugumizi hicho ndicho kilichonitoa nyumbani asubuhi hii.

Mimi kazi hii nimeiingia mwaka 1986, na nimeingilia mlango wa uani. Mjomba wangu alikuwa na studio Ngamiani, chumba kimoja na pazia la kuchorwa. Pazia lenyewe lina mnazi, bahari, na ndege inayopaa, bawa moja kubwa kuliko jenzake. Siku za Idi na Krismasi foleni ilitoka mpaka barabarani. Mimi kazi yangu ilikuwa kufagia, kuchota maji ya kusafishia picha, na kumshikia kitana mteja.

Sasa ikaja harusi moja ya watu wakubwa. Mama wa bibi harusi anataka picha za siku ya kumsinga mwanawe, kumsugua manukato kabla ya harusi. Siku hiyo, vijana, mwanamume haingii hata kwa kutumwa chumvi. Mjomba akawaza, akaitazama ile fedha ya kutangulizia, akanitazama mimi na ufagio wangu. “Utaweza kuishika hii?” Ndivyo nilivyokuwa mpiga picha. Wala sikuchaguliwa kwa kipaji, nilichaguliwa kwa kuwa mwanamke.

Mkanda ulikuwa na picha 36. Nilikwenda na mikanda miwili, nikarudi na picha kumi na tisa zinazoonekana. Kumi kati ya hizo ni za sufuria la pilau, maana lilikuwa halitikisiki. Lakini mama yule alifanya jambo moja ambalo nimeishi nalo mpaka leo. Alipokuja kuchukua kazi yake alisema, “Nipe na negativu zote. Picha za ndani hazilali studio.” Mjomba alimpa, yaani ile mikanda yenyewe iliyosafishwa, ambayo picha huchapwa kutoka kwake. Tangu siku ile ikawa kanuni yangu: shughuli ya wanawake nikiipiga, mkanda unarudi kwa wenyewe, sibaki hata na ukucha. Ndiyo maana nikaitwa harusi nyingi kuliko wanaume walionizidi ufundi mara tano. Watu hawakuwa wakinunua picha nzuri kwangu. Walikuwa wakinunua usingizi.

Leo kijana anaipiga harusi, na kabla bibi harusi hajashuka kwenye gari ameshaitupia kwenye stetasi. Nikimuuliza ananiambia, “Mama, hiyo ni kujitangaza.” Sawa. Nitalirudia hili.

Nimekuja na bahasha. Humu mna picha za zamani za studio, nyeusi na nyeupe, nyingine zimeliwa pembeni na kombamwiko. Sitaki mzitazame mbele. Zigeuzeni. Hii inasema: “Kwa dada yangu mpendwa, ukumbusho wa daima. Tanga, 3/9/1971.” Hii nyingine: “Mimi na rafiki yangu tulipopata kazi bandarini.” Hii hapa, ya kijana mwenye suruali pana chini, imeandikwa kwa kalamu ya wino: “Ukiona nimekonda usishtuke, ni kwa ajili ya mwanga.” Jamani, watu walikuwa wanaandika! Waliandika kwa sababu picha ilikuwa inasafiri kwa posta, ikifika Mwanza au Mombasa lazima ijieleze yenyewe. Uso ulikuwa mbele, habari ilikuwa nyuma, na shilingi zako zilinunua vyote viwili.

Picha ya simu haina nyuma. Mtaniambia, na ni kweli, kwamba simu inaandika yenyewe: saa, tarehe, aina ya kamera, na kama umeruhusu, hata mahali. Lakini itume kwa WhatsApp kama tunavyotuma siku zote. Ile programu inaipunguza uzito, na katika kuipunguza inazifuta zile taarifa. Anayepokea anapata faili lenye tarehe ya siku alipopokea, si siku uliyopiga. Babu aliyepigwa mwaka 2015 anatokea amepigwa jana, na babu mwenyewe tumeshamzika. Ukitaka taarifa zibaki, itume kama faili. Na jina la mtu? Hakuna simu inayoandika kwamba huyu ni Bibi fulani muuza vitumbua wa barabara ya kumi na tano. Hilo ni la mkono wako.

Sasa niwape habari ya mkungu wangu.

Mbele ya nyumba yangu kuna mkungu mkubwa, wenyewe mnaujua, ule ambao watoto wanagonga kungu zake kwa mawe. Mwaka 2011 nilinunua kamera yangu ya kwanza ya dijitali, ya mkononi, nikajiahidi kwamba kila tarehe mosi ya mwezi, saa moja asubuhi, nitaupiga mti ule nimesimama palepale kwenye kizingiti. Sikuwa na falsafa yoyote. Nilitaka kuizoea kamera, na mkungu haudai nauli wala hausemi nimeonekana mnene. Kila picha nikaiandikia mstari mmoja kwenye daftari: tarehe, hali ya hewa, na chochote nilichokiona.

Mwaka wa kwanza niliona majani tu. Yanaiva mekundu, yanapukutika, yanarudi. Mwaka wa pili nikaanza kuona ndege. Mara nyingi ni kunguru, hawa wa shingo ya kijivu. Mombasa wanawaita kurabu, na wanawachukia kama sisi. Si wa kwetu hawa. Waliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 wasaidie kula taka za mji, wakasaidia, kisha wakavuka bahari bila kuombwa. Wanakula mayai ya ndege wadogo, wanabeba vifaranga vya kuku, wanampokonya mtoto andazi lake njiani kwenda shule. Mwaka 2024 Kenya shirika lao la wanyamapori lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja. Kunguru wa asili yetu ni yule mwenye shati jeupe kifuani, na huyo mtaani kwangu nimempata mara nne tu katika daftari lote.

Lakini kumchukia ndege hakukuzuii kumtazama. Mwaka 2014 walijenga kiota pale juu, nami nikakodi lenzi ndefu kwa kijana mmoja wa magazeti, nikakipiga kwa karibu. Kiota chote waya! Waya wa kufungia nondo, kipande cha hanga, na spoki za baiskeli. Hebu fikirini, katika mji huu wa baiskeli kunguru naye kajengea baiskeli. Hiyo ndiyo picha yangu ninayoipenda kuliko zote nilizopiga, na haijawahi kupata tuzo wala kupendwa na watu zaidi ya kumi na wawili huko mnakohesabiana.

Sikilizeni ilivyoendelea. Mwaka wa saba wa mkungu, majirani wawili waligombania mpaka. Mmoja anasema ukuta ule ni mpya, mwenzake anaapa ulikuwapo kabla hajahamia. Wakafikishana baraza la kata. Mjukuu wa mmoja wao akasema, “Si Mama Picha anaupiga mti kila mwezi?” Wakaja wazee watatu nyumbani, wakavua viatu. Nikatoa daftari, nikafungua kompyuta. Nyuma ya kunguru, kushoto kabisa, pale ambapo mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kupatazama, Februari hakuna kitu. Machi kuna rundo la matofali. Aprili ukuta umefika magotini. Juni umekwisha, na paka kalala juu yake.

Wale majirani sasa wanasalimiana, ingawa mmoja wao mimi hanisalimii. Na mimi miaka yote ile nilikuwa naulaani ukuta ule kwamba unaniharibia picha ya mti!

Ndiyo nawaambia: piga kitu kimoja, mahali pamoja, tena na tena, na uandike. Hujui nyuma yake unapiga nini kingine. Vijana wengi mnaona picha ya wanyamapori ni mpaka uwe Serengeti, ndani ya gari lililofunguliwa paa, na simba amekubali. Nani ana pesa hiyo? Usiku wa leo kwenye mwembe wa jirani yako kuna komba, anakula matunda na kulia kama mtoto aliyeachwa. Mtu akilewa tunasema amelewa kama komba, kwa kuwa anapanda kwenye minazi ya wagema kunywa tembo, lakini nikiuliza nani humu ana picha ya komba wa mtaani kwake, naona mikono… miwili. Mmoja wenu nadhani kaninyooshea mkono kwa heshima tu. Kuweni waangalifu naye, macho yake yameumbwa kwa giza, usimmulikie flashi usoni. Funika tochi kwa kitambaa chekundu, kaa chini, subiri. Atakuja kukutazama yeye. Tena tembeeni ufukweni Septemba muone vitwitwi waliotoka Ulaya na Asia wanavyokimbizana na wimbi. Wanakaa kwetu mpaka kama Aprili kisha wanaondoka, na hawalipishi kiingilio.

Kuna mnyama mmoja wa nchi hii anayenifanya niamini kwamba picha yenye maelezo ina nguvu ya ajabu. Kipunji. Ni kima wa misitu ya Rungwe na Livingstone kule Mbeya na Njombe, na wengine wachache msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa. Wanyakyusa walikuwa na jina lake siku zote. Wataalamu walimwona mwaka 2003, na mwaka 2005 wakamtangaza kwa dunia katika jarida la Science. Kwa desturi, mnyama mpya akitangazwa lazima pawepo mzoga wake umehifadhiwa, ili anayebisha aende akaukague. Hawa walikataa kumuua kima adimu namna ile kwa ajili ya kabati la makumbusho. Wakapeleka picha. Picha ikashika nafasi ya mzoga. Baadaye mwaka uleule mkulima mmoja wa Rungwe alimkuta kipunji amekufa kwenye mtego shambani, na kutokana na huyo ikagundulika kwamba ni wa jenasi, yaani kundi la kisayansi, ya peke yake. Kima wa jenasi mpya Afrika alikuwa hajapatikana tangu 1923.

Lakini angalieni. Zile picha zisingemfaa mtu yeyote kama zingekuwa ni kima tu kwenye mti. Zilikuwa na msitu gani, mlima gani, siku gani, nani alishuhudia. Zilikuwa na nyuma. Na Ndundulu kulekule, mwaka 2005, kamera iliyofungwa kwenye mti ikijipiga yenyewe ilimnasa sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, lakini huyu mkubwa wa jamii yake na wa uso wa kijivu, ambaye hakuna mtaalamu aliyemjua. Mwaka 2008 akapata jina lake la kisayansi. Kamera ile haikuwa na jicho la kisanii. Ilikuwa na tarehe, saa, na subira, ambayo vijana wengi hapa hamna.

Na sisi Tanga, je? Samaki silikanti, ambaye dunia iliamini ametoweka tangu zama za madinosaria mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, wavuvi wetu wa hapa walianza kumnasa kwenye majarife mara kwa mara kuanzia 2004. Mwaka 2009 tukapata hifadhi ya bahari yenye jina lake. Nani kati yetu wapiga picha wa mji huu ana picha aliyoipiga siku zile pale ufukweni, yenye jina la mvuvi na la mtumbwi? Mimi sina. Nilikuwa Ngamiani, kilomita chache tu, nawaambia watu “kidevu chini kidogo” kwa pasipoti saizi. Hilo linaniuma.

Mwanga nitaupitia haraka, maana mwenyekiti ameanza kuitazama saa. Tanga tuko nyuzi tano kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, wiki ya kwanza ya Machi na wiki ya kwanza ya Oktoba, jua la adhuhuri linasimama utosini kabisa, mlingoti unakimeza kivuli chake. Siku nyingine nyingi haliko mbali sana na hapo. Mtu ukimpiga saa saba mchana macho yake yanakuwa mashimo mawili. Na alfajiri yetu haina subira kama ya wenzetu wa mbali na ikweta: jua likichomoza linapanda kama limeitwa, saa tatu mwanga mzuri umeshakwisha. Basi mchana mpeleke mtu barazani. Babu zetu waliojenga baraza hawakuwa wakiwaza picha, lakini hakuna mwanga wa uso unaoshinda ule unaoingia barazani ukitokea kwenye mchanga mweupe wa uani.

Jambo moja silipiti haraka, nalo ni rangi zetu. Miaka ya studio, picha ya rangi ilipokuja, sura zetu zilikuwa zinatoka kama masizi na kanzu inang'aa kama taa. Nilidhani ni mimi nisiyejua. Baadaye sana nikaja kusoma kwamba maabara za Kodak zilikuwa zikipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu. Waliiita Shirley, kwa jina la yule wa kwanza aliyepigwa. Mashine ikimtoa Shirley vizuri, wamemaliza. Na kilichosaidia kampuni kurekebisha filamu zake, pamoja na mengine, ni malalamiko ya watengeneza chokoleti na samani za mbao kwamba bidhaa zao hazionekani sawasawa! Sisi tulisubiri chokoleti itutetee. Kamera za leo ni bora mno, lakini bado mashine inataka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe ataichanganya. Kwa hiyo kwenye simu gusa uso, siyo nguo, kisha sogeza ule mwanga juu au chini mpaka umwone mtu mwenyewe kama unavyomwona kwa macho. Na tafadhali, msiwasugue watu ngozi kwa programu mkawatoa weupe. Bibi yangu akifufuka leo akaziona picha za harusi za mjini atauliza bibi harusi ni wa ukoo gani.

Safari.

Nilisafiri kwenda Lushoto mwaka 2013, kumwuguza dada. Basi linasimama Mombo, mnaijua Mombo, kabla ya kupanda ile milima madirisha yote yanajaa mapeasi na plamu. Mwanamke mmoja aliinua beseni lake la plamu mpaka dirishani kwangu, jua la asubuhi likapita kwenye yale matunda, uso wake ukawa na wekundu kama aliyekaa karibu na moto. Nilikuwa na kamera mapajani. Nikampiga kabla hajasema bei. Akanitazama, hakukasirika, akauliza tu, “Utaniletea lini?”

Mtu mzima nikamdanganya. Nikasema, “Nikirudi.” Nilirudi baada ya wiki mbili kwa njia ileile, picha sina. Ikanisumbua. Naosha vyombo naisikia, “Utaniletea lini?” Baada ya miaka miwili nilichapisha nakala mbili, nikapanda basi la Mombo makusudi, nauli kwenda na kurudi, kwa ajili ya picha moja. Nilimkuta. Alikuwa anauza nyanya sasa. Aliichukua ile picha, akaiangalia, akaigeuza. Nyuma palikuwa patupu. Akanipa kalamu ya mwenzake, akasema, “Andika ni mimi, na mwaka. Wanangu watasema ni mama wa watu.”

Yule hakusoma zaidi ya darasa la saba, alivyoniambia mwenyewe, na ndiye mwalimu wangu wa pili baada ya yule mama wa siku ya kusinga. Mmoja alinifundisha picha gani si yangu, mwingine akanifundisha kwamba hata ile niliyoiita yangu nina mshirika wangu ndani yake.

Kwa hiyo lile la ruhusa nililoliahidi ni fupi. Muulize. Ukishindwa kuuliza kwanza kwa sababu jambo linapita, muulize baada ya kupiga, na akikataa ifute mbele yake. Mtoto wa mtu mwombe mzazi, na mtoto aliyeko chakavu matopeni mwache, hata kama anacheka vizuri. Angekuwa wa kwako ungekimbilia kwanza kumfuta kamasi, siyo kutafuta pembe ya picha. Mgonjwa mwache. Kambi za jeshi na vituo vya polisi mnajua wenyewe. Na nchi hii tangu 2022 ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi. Isomeni, msisubiri kusomewa.

Kuhifadhi. Hapa mnicheke kidogo. Enzi zetu, “kusafisha picha” maana yake ilikuwa kuitoa: unaingia chumba cha giza, unauchovya mkanda kwenye dawa, sura zinatokea. Basi mwaka 2019 kompyuta yangu ikawa nzito, nikaipeleka kwa fundi. Akaniuliza, “Mama, niisafishe?” Nikasema safisha mwanangu. Akaisafisha kweli. Miaka sita ya picha. Alinirudishia mashine nyepesi kama unyoya, akanidai elfu kumi na tano, na nililipa, kwa kuwa kazi niliyomwomba ndiyo aliyoifanya.

Kilichobaki ni nilichokichapisha, na nilichokuwa nimemgawia mtu. Mkungu uliokoka kwa sababu mwanangu aliyeko Muscat alikuwa akiniomba niutume kila mwezi, kwa faili kamili, anasema unamsaidia kujua nyumbani ni majira gani. Mikoko yote ya Pangani imekwenda. Vinyonga wa Amani wamekwenda, na nililala misikitini na kwenye magesti ya mbu kuwapata. Siku hizi nina sehemu tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski iliyo kwa shemeji yangu Chumbageni, na zile hamsini bora za mwaka nazichapa kwenye karatasi. Nazigeuza, naandika kwa penseli, maana wino wa kalamu unapenya mpaka usoni.

Mwenyekiti, namaliza, weka saa mfukoni.

Studio ya mjomba ilifungwa miaka mingi iliyopita. Niliporithi maboksi yake nilikuta bahasha za negativu zaidi ya mia nne, kila moja na namba, na majina ya wenyewe kwenye daftari kubwa la kumbukumbu. Daftari lilikuwa limeliwa na mchwa. Wamekula kuanzia jalada, wakala herufi zote mpaka kurasa za mwisho. Kwa hiyo nina nyuso mia nne za watu wa mji huu, na namba.

Nimekuwa nikizichapa moja moja nikizungusha mitaani. Mpaka sasa nimepata majina sitini na tatu. Wengine walitambuliwa kwa pengo la jino, mmoja kwa kitambaa cha kanga, mmoja mwenyewe aliingia kwenye duka la nyuzi akajikuta amebandikwa ukutani, ana miaka kumi na minane.

Hii niliyoshika ni namba 212. Ni msichana, buibui limeshuka mabegani, amesimama mbele ya lile pazia la mnazi, na ameshika baiskeli. Baiskeli ya kiume, yenye mtaimbo wa juu, na ameishika kama mtu anayeijua, si ya kuazima kwa picha. Mkono wa kushoto uko kwenye breki. Nyuma ya gurudumu, mkiangalia vizuri, kuna kiatu cha mtu wa pili aliyejificha pembeni ya pazia asionekane. Nadhani ni mwenye baiskeli. Au ni mjomba.

Nyuma yake nimeacha patupu, na nimefunga penseli kwa uzi. Naianzisha kwa huyu bibi wa mbele. Ipitisheni taratibu, mkono kwa mkono, msiikunje, na wazee mvae miwani.